Chati Isiyofutwa

Ile chati niliichora mimi, kwa mkono wangu, kwa hiyo asije mtu akanifariji eti ilikuwa chati ya serikali. Nilichukua karatasi mbili za manila, nikaziunga kwa gundi ya unga wa muhogo, nikapiga mistari kwa rula ya mbao. Kushoto nikaandika vijiji saba. Juu nikaandika kazi sita: viwanja vya nyumba, shamba la pamoja, barabara, vyoo, darasa, lambo la maji. Kila kisanduku nikakigawa robo nne. Kazi ikifika robo, napaka robo kwa penseli nyekundu. Ikifika nusu, napaka nusu. Kisanduku kikijaa, kazi imekwisha, na mstari mzima wa kijiji ukijaa, malori yanakwenda kuwabeba watu kwenye makazi yao ya zamani na kuwaleta pale. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama. Wallahi, ilipendeza. Nilijisifu peke yangu mle ofisini.

Hiyo ni miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi ni mtoto wa Manundu, Korogwe mjini, baba yangu mtu wa mashamba ya mkonge, mama yangu Mzigua wa Handeni. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane, nikapelekwa chuo kujifunza kazi ya maendeleo, halafu nikapangiwa Handeni kwenye ofisi ndogo ya mradi. Ilikuwa nyumba ya bati chini ya soko, chumba cha mbele meza mbili, chumba cha nyuma masjala. Tulikuwa watatu tu: mkubwa wangu, ambaye kila mtu alimwita Bwana Mipango, mimi, ambaye niliitwa Bibi Maendeleo ingawa nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na tarishi mmoja mzee aliyegonga mihuri kule nyuma.

Meza yangu ilitazama ile chati. Hilo nalo nilijipangia mwenyewe, mjinga mimi. Nikiinua macho, chati. Nikigeuka kushoto, dirisha la nondo, na kupitia nondo naliona basi la Korogwe likipakia watu kila asubuhi. Niliomba likizo mara mbili niende kwetu. Bwana Mipango alinijibu maneno yale yale mara zote mbili: "Utakwenda mstari wa mwisho ukijaa."

Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia habari hii wanataka awe mbaya, na mimi siwezi kuwapa hilo. Alikuwa ametoka Vugiri, kule milimani, mtu mpole, mwenye sweta hata mchana wa Handeni ambao nguo zinakauka kabla hujamaliza kuzianika. Alikuwa na sharti moja tu: chati haifutwi. "Leo ukifuta robo, kesho watu wa mkoani watauliza hiyo robo imekwenda wapi," alisema. "Kazi inakwenda mbele. Hairudi nyuma." Raba ya ofisi, moja tu tuliyokuwa nayo, aliiweka kwenye droo yake na kuifungia.

Sasa, katika vile vijiji saba kimoja kilikuwa cha kupokea watu wa bonde alilokuwa akikaa bibi yangu, mama yake mama.

Bibi alikaa kule tangu alipoolewa. Yeye na marehemu babu walichimba kisima chao wenyewe, wakakizungushia mawe, na kisima kile hakikuwahi kukauka hata mwaka ambao ng'ombe wa Wamasai walikufa barabarani. Kwa mtu wa Handeni, kuwa na kisima kama kile ni zaidi ya kuwa na nyumba ya bati. Watu wa mbali walikuja kuomba maji kwake, naye akawapa huku akiwatania. Mimi alinitania kuliko wote. Babu alikuwa amekwisha kufa miaka mingi, lakini bado aliniita mke mwenzangu. "Umefika, mke mwenzangu? Umekuja kumfuata mume wetu? Hayupo, amekukimbia, umezidi kelele!" Nami namjibu, "Amekimbia mapishi yako wewe." Basi tunacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Nilipomwambia kwamba jina lake liko kwenye orodha ya kuhama, hakunung'unika kama wengine. Aliniketisha kwenye kigoda, akanichotea maji mtungini, akangoja ninywe.

"Mimi sikatai kuhama," alisema. "Wenzangu wote wanahama, nibaki hapa na nani? Ila sikiliza, mke mwenzangu. Hii miguu yangu haiwezi tena kufuata maji mbali. Usiniandike mimi kwenye hilo lori lenu mpaka maji yawepo. Yawepo, uyaone kwa macho yako."

"Nakuahidi, bibi."

"Sema tena."

"Maji yasipokuwepo, huhami. Nakuahidi."

Akaridhika. Akanipa na mahindi ya kuchoma ya njiani.

Kwa hiyo mtaelewa kwamba kwenye chati ile yenye visanduku vingi, mimi nilikuwa na kisanduku kimoja tu. Mstari wa nne, kisanduku cha mwisho, lambo. Visanduku vingine vya mstari ule vilijaa mapema, maana watu walikuwa wakifanya kazi kwelikweli. Msaragambo wao, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ulikuwa wa siku tatu kwa juma, wanaume wanachimba, wanawake wanabeba udongo kwa karai, wazee wanashindilia tuta kwa magogo. Robo ya kwanza ya lambo niliipaka kwa furaha. Ya pili pia. Ya tatu nilipoipaka, Bwana Mipango alisimama nyuma yangu akasema, "Hicho kijiji chenu kitakuwa cha kwanza." Akasema chenu, kwa sababu alijua kwa mama ni huko. Nikacheka kama mpumbavu.

Kazi yangu ya ukaguzi ilikuwa hivi. Jumatatu napanda baiskeli ya ofisi, nazunguka vijiji saba, Alhamisi niwe nimerudi, Ijumaa kabla ya swala napaka rangi. Vijiji saba kwa siku nne, kwa baiskeli, kwenye njia za mchanga na miiba! Aliyepanga hivyo hakuwahi kupanda baiskeli Handeni. Fomu ilikuwa na safu tatu: kazi, kiasi, sahihi ya mkaguzi. Hakukuwa na safu ya maelezo, kwa sababu mkoani walisema maelezo yanachelewesha hesabu.

Na kwetu, jamani, ninyi mnajua jinsi habari inavyotolewa. Ukiulizwa habari, ni nzuri. Kuna mgonjwa ndani, ni nzuri. Nyumba imeungua jana, ni nzuri, tunashukuru. Huwezi kumtupia mgeni mabaya akiwa amesimama, na vumbi la njia bado liko usoni pake. Kwanza akae. Apewe maji. Anawe, ale kidogo. Ndipo mwenyeji anakohoa, anatazama chini, anasema, "Habari ni nzuri, ila..." Na baada ya hiyo ila ndipo habari yenyewe inapoanza. Asiyekaa hapati ila. Bwana Mipango wa Vugiri angeweza kusema hakujua, ingawa sidhani kwao ni tofauti. Mimi siwezi kusema hivyo. Nililelewa katika hiyo ila.

Ile Jumatano nilifika kijijini jua likiwa limepita utosi. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepata pancha mara mbili na vijiji viwili vilikuwa bado mbele yangu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa umri wa babu yangu, alikuja kunipokea baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri. Habari za kazi?"

"Nzuri, tunashukuru."

"Na lambo?"

"Limekwisha. Tumeshindilia juzi, tumemaliza. Karibu ukae kwanza."

Nikatazama. Chini ya kibanda wanawake walikuwa wanachambua kunde, sufuria ilikuwa imebandikwa jikoni. Kigoda kilikuwa kimepanguswa kikaachwa wazi. Yaani kila kitu kilikuwa kinaniambia keti, kuna jambo. Nami nikatazama jua.

"Nitakaa siku nyingine, mzee. Nina vijiji viwili bado."

"Kidogo tu, mwanangu. Unywe maji."

"Siku nyingine."

Nikaenda hadi kwenye tuta la lambo, nikapanda juu, nikatembea mwisho hadi mwisho. Tuta lilikuwa limenyooka, limeshindiliwa vizuri, refu kuliko mimi. Nikaandika: lambo, limekamilika. Nikatia sahihi. Nilipofika kijiji kilichofuata nilivua viatu kukung'uta, mchanga ukamwagika, mchanga mweupe wa kichanga kitupu, na nikakumbuka kwamba nilikuwa nimetembea ndani ya lambo kuvuka upande wa pili. Nikavaa viatu. Nikaendelea na safari.

Ijumaa nikapaka robo ya nne. Siku hiyo hiyo Bwana Mipango akaandika barua mkoani kwamba kijiji cha kwanza kiko tayari, akaniletea soda kutoka dukani, ya moto, maana friji hakukuwa. Nikainywa nikiitazama chati. Mstari wangu wa nne ulikuwa mwekundu mwanzo mpaka mwisho.

Mvua zikanyesha. Nilisikia sokoni kwamba lambo limejaa mpaka ukingoni na watoto wanaogelea. Roho yangu ikatulia kabisa. Nikajiona nimetimiza ahadi.

Siku tisa baadaye mwenyekiti aliingia ofisini kwetu. Alikuwa ametembea kwa miguu tangu alfajiri, kanzu imefungwa kiunoni. Bwana Mipango alikuwa ametoka. Tukaamkiana. Nikamuuliza habari, akasema nzuri. Safari hii sikuandika kitu. Nilimvutia kiti, nikamtuma tarishi akalete chai na maandazi, nikakaa mbele yake nikangoja anywe. Alikunywa taratibu, mpaka mwisho. Akakiweka kikombe chini.

"Habari ni nzuri," alisema. "Ila maji yameondoka."

"Yameondoka vipi?"

"Yamekwenda chini. Siku nne tu, mwanangu. Pale ni kichanga. Sisi tulijua tangu mwanzo pale hapashiki maji, tukamwambia yule aliyekuja kupima. Akasema ramani imekwisha pangwa. Tukasema basi tuchimbe, pengine yeye anajua. Tulipofika chini tukaona ni mchanga mtupu. Siku ile ulipokuja nilitaka kukwambia."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao. "Hukukaa," alisema.



Bwana Mipango aliporudi nilikuwa nimesimama mbele ya chati. Nilimwomba raba.

"Ya nini?"

"Nifute robo ya lambo. Mstari wa nne."

"Robo moja?"

"Zote nne, mzee. Halishiki maji. Ni kichanga."

Alikaa. Akafungua droo, akatoa nakala ya barua aliyoipeleka mkoani, akaitandaza mezani. Chini yake akaweka jibu lililofika asubuhi ile. Malori manne yangekuja Jumanne.

"Sasa nifundishe," alisema. "Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli uliuleta wewe, Bibi Maendeleo. Hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yangu, na madoido yake yote ya chuoni.

"Na isitoshe, maji ni maji," aliendelea. "Mvua nyingine zitakuja, tope litajaa chini, litashika lenyewe. Kwetu Vugiri—"

"Kwenu Vugiri maji yanapita nyuma ya jiko!" Nilipiga kelele mpaka mihuri ya tarishi ikanyamaza kule nyuma. "Hapa ni Handeni, mzee! Mtu anazeeka njiani akifuata ndoo moja! Bibi yangu yuko kwenye orodha hiyo!"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alivua miwani, akajifuta uso, na kwa mara ya kwanza nikaona amechoka kuliko mimi.

"Mimi nina watoto sita," alisema polepole, "na mimi pia nina mkubwa wangu, na yeye ana wake. Kule nao wana chati ukutani. Unadhani yangu ni ya kwanza?" Akatoa raba kwenye droo akaiweka juu ya meza yangu. "Futa. Mimi naenda kuswali. Nikirudi nikikuta imefutwa, nitaandika barua kwamba mkaguzi wangu alitia sahihi kazi ambayo hakuikagua. Nikikuta haijafutwa, tutaandika kwamba lambo linahitaji matengenezo madogo. Mimi sikulazimishi."

Akatoka. Nikabaki na raba.

Jamani, niseme wazi. Niliogopa. Siku zile mtu akisikika anasema kazi haiendi aliitwa mpinga maendeleo, na neno hilo likikupata lilikufuata mpaka kwenu. Nikamwona mama yangu Manundu, aliyekuwa akiwatangazia majirani kwamba binti yake ana meza serikalini. Nikaona basi la Korogwe likinishusha na sanduku langu, na wale majirani mlangoni. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe na ufunguo nimeutupa nje. Niliisogeza raba kwenye kisanduku, nikafuta pembe moja, ndogo kama ukucha. Penseli ile haikufutika vizuri. Ilitapakaa, manila ikatoa nyuzi, pakabaki doa la waridi. Nikasikia viatu barazani. Alikuwa tarishi tu, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuishika penseli nyekundu nikapaka tena juu ya doa.

Bwana Mipango aliporudi aliitazama chati, akaitazama raba, akairudisha kwenye droo.

Mtasema, ungekwenda basi kumwonya bibi. Nami nilijiambia hivyo hivyo. Jumamosi nilisema nitakwenda Jumapili. Jumapili nikasema nitamkuta pale pale Jumanne, nitamvuta kando. Nilifua nguo siku ile nzima, hata zilizokuwa safi.

Jumanne tukaenda na malori. Kazi yangu ilikuwa kusimama na orodha, kila kaya ikipanda naitia alama. Vijana wa kupakia walikuwa na haraka, kila nyumba iliyohamwa waliivua paa ili mwenyewe asirudi. Nyumba ya bibi ilikuwa ya kumi na nane. Alikuwa tayari, amevaa kanga mpya, vitu vyake amevipanga nje kwa adabu: kitanda cha kamba, kinu, mchi, kuku wawili wamefungwa miguu, na mtungi wake umejaa maji pomoni.

Kijana mmoja akaushika mtungi akaguna. "Bibi, huu ni mzito, utavunjika njiani. Mwaga maji."

Bibi hakumsikiliza. Alinitazama mimi. Bwana Mipango alikuwa amesimama karibu yangu, kofia mkononi, na dereva, na watu wa malori ya mbele wote wanatazama.

"Mke mwenzangu," bibi aliniita. "Maji yapo?"

Niliwaza maneno. Niliyawaza kabisa, yalikuwa yamefika kwenye meno. Nikasikia Bwana Mipango akihema pembeni yangu, pumzi fupi fupi za mtu mwenye hofu.

"Yapo, bibi," nilisema.

"Umeyaona?"

"Nimeyaona."

Basi bibi yangu akacheka, akasema, "Si nilijua!" Akauinamisha mtungi kizingitini pake akayamwaga yale maji yote. Alichota kidogo kwanza kwa kiganja akawanywesha kuku, halafu akayaachia. Ardhi ikayanywa mara moja. Akapanda lori akishikwa kiwiko, mtungi mtupu amepakata mapajani, akaanza kumtania dereva. Mimi nikatia alama kwenye namba kumi na nane.

Baada ya hapo sikwenda kule. Nilikuwa na vijiji sita, nikavigeuza kuwa kisingizio. Mstari wa mwisho ulipojaa nilipata likizo yangu, nikapanda lile basi nililolitamani, nikafika Manundu, na siku ya tatu nikajikuta nahesabu siku za kurudi kwa sababu mama kila akinitazama aliniuliza, "Na bibi yako je, hali ya kule?" Nami najibu nzuri. Mama anangoja. Nami nainuka nakwenda kuosha vyombo.

Kiangazi kilipokaza, ilikuja fomu mpya. Tathmini ya vijiji vilivyohamiwa. Safari hii walikuwa wameongeza safu, maana waliona mambo hayaeleweki: hali ya huduma, kwa maneno ya mwananchi mwenyewe. Nikatamani kucheka. Bwana Mipango aliniambia, bila kunitazama, "Mstari wa nne uanze nao wewe."

Niliondoka mapema na sikuweka kijiji kingine kwenye ratiba ya siku ile. Niliapa njia nzima: leo nitakaa. Nitakaa mpaka ila itoke, hata kama itatoka na matusi, hata kama atanipiga mchi. Nitaiandika neno kwa neno, nitie sahihi, wanifukuze.

Lambo nililipita. Lilikuwa limepasuka chini, mbuzi wamelala ndani.

Bibi alikuwa ameketi nje ya kibanda chake kipya, amekonda, kisigino kimoja kimefungwa kitambaa. Jirani alinieleza pale njiani kwamba anarudi kwenye kisima chake cha zamani mara mbili kwa juma. Anaondoka kabla ya jua, anarejea kabla ya magharibi, na ndoo ndogo, maana mtungi hauwezi tena. Hataki kuletewa na mtu. Anasema ana maji yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu."

Nikangoja utani. Haukuja. Nikakaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Akainuka kwa shida, akaingia ndani, nikasikia kata ikikwaruza chini kabisa ya chombo. Akatoka na kikombe kimejaa, akanipa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima. Niliyatambua yale maji. Hakuna maji mengine ya ladha ile. Nilitaka kukataa, lakini kukataa maji ya mtu ni kumtukana, basi nikayanywa, tone kwa tone, machozi yananitoka, naye anatazama pembeni.

"Habari za hapa, bibi?"

"Nzuri. Tunashukuru."

Nikangoja. Nilikunja miguu, fomu nikaiweka chini ya kigoda asiione. Kivuli cha kibanda kilitugusa, kikatupita. Alichambua mboga. Nikamsaidia kuchambua. Kuku walikuja wakaondoka. Nilikaa muda ambao ila tatu zingetosha kutoka, na yeye hakukohoa, hakutazama chini.

Mwisho nikashindwa mimi.

"Na maji, bibi? Maji yapo?"

Aliacha mboga. Akanitazama sawasawa usoni, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Yapo," alisema. Akainama, akaitoa fomu chini ya kigoda, akaipangusa vumbi kwa kanga, akanipa. "Andika, Bibi Maendeleo. Usije ukachelewa kwa ajili yangu."

Nikaandika: maji yapo.